Mtoto Hapimwi ili Afukuzwe

"Mama, huyu hafai hapa. Mpeleke special." Wazazi wengi wa Meru na Embu wameambiwa hivyo mlangoni mwa ofisi ya mwalimu mkuu, mtoto kando akichezea kifungo cha sweta. Mwalimu mkuu hana uwezo huo. Sehemu ya 34 ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule kumbagua mtoto anayetafuta nafasi kwa sababu ya ulemavu.

Anachoweza ni kushauri mtoto akapimwe EARC, vituo vya serikali vya upimaji wa kielimu vilivyoanzishwa 1984 kwa msaada wa Denmark. Wala usingoje kutumwa: ulizia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, uende mwenyewe.

Beba cheti cha kuzaliwa, kijitabu cha kliniki na madaftari yake, hata yale yaliyojaa michoro tu. Utaulizwa alizaliwaje, alianza kutembea lini, kama aliwahi kupata degedege. Hakikisha macho na masikio yamepimwa. Kuna watoto walioitwa wazito kumbe hawaoni ubao.

Halafu lugha. Mtoto aliyelelewa na nyanya yake huko Mbeere, ukimwonyesha picha ya meli na kumuuliza kwa Kiingereza, atanyamaza. Atakuwa ameshindwa na nini hapo, akili au meli? Omba aulizwe kwa Kimbeere, Kiembu au Kimeru, nawe uwe karibu.

Usichanganye kipimo hiki na kile cha daktari hospitalini cha kumsajili mtoto kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Hicho hakisemi akae darasa gani. Ripoti ya EARC ndiyo hupendekeza: abaki darasa la kawaida na kusaidiwa, aingie kitengo maalum, au aende shule kama Kaaga ya viziwi mjini Meru, St. Luke's ya Embu, au St. Lucy's ya wasioona kule Igoji. Ni pendekezo, si hukumu, na sera ya serikali ya 2018 inatanguliza elimu jumuishi.

Shule ikikataa bado, usibishane langoni. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Zidai, kisha uandikie Bodi ya Elimu ya Kaunti. Ripoti ya EARC itoe nakala mbili, moja ukae nayo: itaulizwa tena siku mtakapoomba KNEC, baraza la mitihani, dakika za nyongeza au karatasi ya maandishi makubwa.