Dondoo muhimu: Hariri ya kale yenye tarizi

Kwa anayeanza kukusanya, nembo za vyeo za enzi ya Qing, China, ni mlango mzuri. Maofisa wa kiraia walivaa nembo zenye ndege, wanajeshi zenye wanyama; korongo alikuwa wa daraja la kwanza. Nembo ya kifuani imepasuliwa katikati, kwani joho lilifunguka mbele. Ya mgongoni ni nzima.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe kuona upande wa nyuma. Huko mwanga haukufika, na rangi zilizofichika huonyesha ni kiasi gani upande wa mbele umepauka.

Kufua nyumbani ni marufuku. Rangi huchuja, na uzi wa dhahabu mara nyingi ni karatasi nyembamba iliyopakwa dhahabu na kuzungushwa kwenye uzi wa hariri; ikilowa, hubanduka.

Vipande vidogo vilazwe bila kukunjwa, juu ya karatasi isiyo na asidi. Virefu viviringishwe, tarizi ikitazama nje. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, ukungu ukafuata.

Hariri inayokatika yenyewe isitiwe sindano: ipelekwe kwa mtaalamu wa uhifadhi.