Kadi ya Mtoto na Maneno ya Lupangoni

Kijitabu cha familia za Likasi

Kijitabu hiki kisomwe kwa sauti, wote wakiwepo: mama anayetunza kadi ya mtoto, baba anayeombwa ruhusa, na nkambo ambaye neno lake ndilo humaliza mabishano. Kina ombi moja: mashaka juu ya sindano moja yasimnyime mtoto sindano nyingine.

Korona ilivyotukuta

Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alitangazwa Kinshasa, Machi 10, 2020. Mwezi haujaisha, gavana Jacques Kyabula akaamuru Haut-Katanga ijifungie siku mbili, kwa sababu ndege ya Kinshasa ilikuwa imeleta Lubumbashi abiria wawili walioshukiwa kuwa na ugonjwa. Kujifungia ni adhabu kwa nyumba inayonunua unga wa bukari kwa pesa ya siku ileile. Haishangazi kwamba wengi waliuita ugonjwa wa wakubwa, wa watu wanaopanda ndege.

Mwanzoni mwa Aprili daktari mmoja wa Ufaransa akauliza kwenye televisheni kama dawa ya kuzuia Korona isijaribiwe kwanza Afrika. Siku chache baadaye Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyeongoza mapambano hapa nchini, akasema Kongo iko tayari kupokea majaribio ya chanjo. Watu walikasirika mno, hata akarudi kueleza kwamba hakuna chanjo itakayoletwa kwetu kabla ya kujaribiwa kwingine.

Hasira ile ilikuwa na mizizi. Wazee wa Katanga wanazijua hadithi za batumbula, watu waliosemekana kukamata wenzao usiku kwa ajili ya Wazungu. Aliyekulia na hadithi hizo akiuliza kilichomo ndani ya sindano, haitwi mjinga. Anajibiwa.

Lakini mwombeni nkambo akunje mkono wa shati. Wengi wa rika lake wana kovu la mviringo begani, la chanjo ya ndui. Ndui iliua watu, na walionusurika iliwaachia mashimo usoni. Mgonjwa wa mwisho nchini mwetu alionekana mwaka 1971, na mwaka 1980 ilitangazwa kuwa imekwisha duniani. Chanjo ile ilikinga hata dhidi ya mpox, ambao Shirika la Afya Duniani liliutangaza kuwa dharura mwezi Agosti 2024. Wajukuu hawana kovu lile, na kinga yake hawana.

Dozi zilizoondoka

Machi 2, 2021 Kongo ilipokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca kupitia mpango wa COVAX. Wakati huohuo Ulaya ilikuwa ikizungumzia damu kuganda kwa baadhi ya waliochanjwa. Serikali ikasita, na chanjo ikaanza Aprili 19. Kwa kuwa dozi zilikuwa zinafikia mwisho wa muda wake mwezi Juni, takriban milioni 1.3 zikapelekwa nchi nyingine zitumike kabla ya kuharibika.

Watu wengi walielewa vingine: serikali yenyewe imezikataa. Nani angewalaumu, wakati hakuna aliyekuja kuwaeleza? Damu kuganda kulikuwepo kweli, ila kwa nadra sana. Ule ujumbe wa WhatsApp uliosema kila aliyechanjwa angekufa ndani ya miaka miwili hauhitaji daktari kuujibu. Hesabuni miaka iliyopita tangu 2021, kisha mtazame waliochanjwa mnaowajua.

Surua haikungoja

Wakati sote tunaitazama Korona, surua ilikuwa tayari imeua. Kufikia Januari 2020 ilikuwa imeshachukua watu zaidi ya 6,000 nchini, wengi wao watoto wadogo, kati ya zaidi ya 310,000 walioshukiwa kuugua. Vifo vya Korona vilivyoandikwa rasmi nchini kwa muda wote wa janga havikufika 1,500. Vipimo vilikuwa vichache, kwa hiyo hesabu hiyo si kamili. Ila chanjo ya surua ilikuwepo tangu zamani, na ni ya bure.

Hata hivyo, mwaka 2020 baadhi ya akina mama waliacha kuwapeleka watoto kuchanjwa, wakihofia kwamba wangedungwa ya Korona kwa siri. Sisi tunaofanya kazi ya afya tulichelewa kueleza, na hofu ikapita mbele yetu.

Mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Virusi hubaki hewani chumbani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka. Mtoto anaanza na homa, kikohozi, makamasi na macho mekundu. Vipele hufuata siku chache baadaye. Mpelekeni kituo cha afya mapema, msingoje vipele vikauke. Atapewa vitamini A, inayosaidia kuyalinda macho yake.

Katika kadi angalieni hivi: BCG na matone ya polio anapozaliwa, chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua na homa ya manjano akiwa na miezi 9. Kama kuna nafasi tupu, mtoto hajachelewa kiasi cha kuachwa. Mpelekeni, muuguzi atapanga upya. Kadi ikipotea, jina hutafutwa katika daftari la kituo.

Kabla ya sindano, mama, muulize muuguzi: hii ni chanjo ya nini, na tutegemee nini usiku? Ni haki yako kujibiwa. Joto kidogo na uvimbe mahali pa sindano ni kawaida. Usipake kitu pale. Mtoto akishindwa kupumua vizuri, akipata degedege, au akilia bila kunyamaza, mrudishe mara moja, hata kama ni usiku.

Baba, reko, yule mhamasishaji wa afya wa mtaa, akibisha hodi, mpe kiti na umuulize yote yaliyosemwa lupangoni, hata yale ya aibu. Asilolijua, mwambie akaliulize kituoni akuletee jibu.

Na leo, kabla ya kulala, itoeni kadi mlikoihifadhi mkaisome pamoja.