KUPASUA MBAO NDEFU KATIKA GOGO KUBWA

Katika vilima vya Kisii na Nyamira, mkaratusi mkubwa ukiangushwa na upepo, au ukiondolewa kupisha barabara, hazipiti siku nyingi kabla mnunuzi wa kuni hajabisha hodi. Hutoa fedha mkononi, hukata gogo vipande vya futi 3 au 4 ili vipakiwe upesi, na mwenye shamba huona ameondolewa taabu. Baadaye mtu yuleyule huenda Daraja Mbili, mjini Kisii, kuulizia boriti za futi 20 za nyumba yake, akashangaa kusikia bei. Mali aliyokuwa nayo alikwisha kuiuza kwa bei ya moto wa jikoni. Somo hili laeleza jinsi gogo la namna hiyo lipasuliwavyo likatoa mbao na boriti ndefu.

Urefu wa mti ndio uamuao upana wa nyumba. Katika miji ya kale ya pwani, kama Lamu na Unguja, vyumba vya nyumba za mawe vilijengwa virefu na vyembamba, upana wake ukiwa karibu mita 2 na nusu hadi 3, kwa sababu boriti za mikoko zilizobeba dari hazikuweza kuvuka nafasi pana zaidi. Bara mambo ni mengine. Mikaratusi, iliyoletwa Kenya mwaka 1902 ili kupata kuni za magari ya moshi, hurefuka na kunyoka, na ukumbi wa shule au kanisa wahitaji boriti ivukayo futi 20 bila nguzo katikati.

Basi kazi ya kwanza ni kupima, wala si kukata. Gogo hupimwa upande wake mwembamba, kwa maana huo ndio uamuao upana wa ubao. Tuseme gogo lina urefu wa futi 20, na upande mwembamba una inchi 18 kutoka ukingo hadi ukingo. Likichongwa pande nne, hutoa mraba wa inchi 12. Mraba huo ukipasuliwa kwa msumeno ulao robo inchi, hupatikana mbao 5 nene za inchi 12 kwa 2, zote za futi 20, pamoja na ubao mmoja mwembamba. Lakini gogo hilo likikatwa kwanza vipande vya futi 8 kwa kuogopa uzito, hakuna fundi awezaye kuurudisha urefu huo. Ndiyo sababu katika miteremko ya Gusii, ambako gari halifiki kila mahali, yafaa gogo lipasuliwe palepale lilipoanguka. Ni rahisi kwa watu wawili kubeba ubao mrefu kuliko kwa watu ishirini kuliburuta gogo.

Mti uliosimama mpakani au karibu na nyumba huwa umemeza misumari na waya wa seng'enge. Kabla ya kupasua, maganda huondolewa na mti ukatazamwa pande zote. Doa jeusi au la samawati katika mkaratusi mara nyingi ni dalili ya chuma kilichofichika ndani. Meno ya msumeno yakigonga msumari huharibika, na mnyororo wa msumeno wa injini ukikatika waweza kumjeruhi mwenye kuushika.

Gogo huwekwa juu ya magogo madogo, likapigwa kabari pande zote mbili lisibingirike, likasawazishwa lisinepe katikati. Kisha mstari wa timazi huchorwa katika kila ncha. Mistari hiyo miwili isipolingana, ubao utatoka umejisokota. Uzi uliopakwa unga mweusi wa betri kuukuu huvutwa toka ncha hadi ncha. Uzi mrefu hutikiswa na upepo. Kwa hiyo mtu mmoja huukandamiza katikati, na kila nusu hupigwa peke yake, ukivutwa juu wima, si kwa ubavu.

Sasa yaja jambo ambalo wapasuaji wengi hulijua kwa hasara. Mkaratusi hukua ukiwa umejikaza: nyama ya nje yavutana, na kiini chasukumana. Ukianza kuondoa mbao upande mmoja tu, gogo hupinda kama upinde. Dawa yake ni kuondoa ganda upande mmoja, kuligeuza gogo, na kuondoa ganda lingine upande unaoelekea, na kuendelea hivyo kwa zamu. Kabari ndogo hutiwa katika njia ya msumeno isibane. Tena mpindo huongezeka kuliko urefu: ikiwa ubao wa futi 10 umepinda nusu inchi, ubao wa futi 20 wenye mpindo wa namna ileile utakuwa umepinda inchi 2. Kosa lisiloonekana katika ubao mfupi huuharibu ubao mrefu kabisa.

Ncha za mbao hupakwa rangi au nta siku ileile, maana mkaratusi hupasuka kuanzia nchani. Mbao hupangwa kivulini, juu ya nchi, chini ya mabati makuukuu, zikitengwa kwa vijiti vya unene mmoja kila futi 2. Vijiti hivyo vipangwe kimoja juu ya kingine wima, na mawe yawekwe juu ya rundo. Kanuni ya zamani ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na katika nchi ya mvua kama Kisii haifai kuipunguza. Mwenye haraka atapata paa lenye mawimbi.

Wakati wa kujenga, boriti ya inchi 6 kwa 2 husimamishwa kwa ubavu wake mwembamba, kwani hivyo hubeba mzigo mara 3 kuliko ikilazwa. Katika nafasi pana hilo ni jambo la lazima: chini ya mzigo uleule uwekwao katikati, boriti ya futi 20 hunepa mara 8 kuliko ile ya futi 10. Ikiwa boriti ina mpindo kidogo, fundi huitazama kwa jicho moja toka nchani, akatia alama upande uliotuna, na kuuelekeza upande huo juu, ili uzito wa paa uinyoshe.