Mafunjo katika Bustani ya Shule

Mafunjo ni mmea wa jamii ya ndago, gugu linalojulikana na kila mkulima. Ndago ni mfupi, lakini mafunjo huweza kufikia urefu wa meta 4 au 5. Huota kandokando ya Ziwa Viktoria, Ziwa Naivasha na katika vinamasi vya mto Naili. Wamisri wa kale walitengeneza karatasi kwa mashina yake.

Shina la mafunjo lina pembe 3. Ndani yake mna uboho mwepesi wenye nafasi za hewa, ambazo hupitisha oksijeni hadi kwenye mizizi iliyozama topeni. Majani ya shina lililokomaa yamebaki magamba tu. Usanidimwanga hufanywa na shina lenyewe na vitawi vyembamba vya kileleni. Kama mahindi na miwa, mafunjo huitumia vizuri hewa ya ukaa penye jua kali. Ndiyo maana hukua upesi.

Kupanda

Kwa idhini ya wenye kinamasi, hukatwa kipande cha shina lilalalo topeni, chenye machipukizi 2 au 3. Hupandwa katika beseni pana lisilotoboka, lenye udongo mzito, mahali penye jua. Juu ya udongo hutandazwa kokoto, kisha hutiwa maji yasiyozidi kimo cha kokoto hizo, ili mbu wasipate pa kutagia.

Jaribio

Watu wengine hudai kwamba mafunjo hunyonya maji mengi, kwa hiyo kinamasi kifyekwe. Dai hilo linapimika. Yaandaliwe mabeseni 2 yaliyo sawa kwa kila hali, moja likiwa na mafunjo na jingine bila mmea. Kila asubuhi, katika siku zisizo na mvua, maji yajazwe hadi alama ileile, na kiasi kilichoongezwa kiandikwe. Baada ya siku 14 jumla zilinganishwe.

Hata hivyo, matokeo yasomwe kwa uangalifu. Beseni huonyesha matumizi tu, halionyeshi mapato. Kinamasi hupunguza kasi ya mafuriko, hunasa udongo unaochukuliwa na mito, na mafunjo hufyonza naitrojeni na fosforasi kabla hazijafika ziwani. Anayefyeka kwa kuangalia upande mmoja wa hesabu huenda akapoteza kuliko alivyotazamia.

Maswali

1. Mafunjo hutia kivuli juu ya beseni. Je, tofauti iliyopimwa ni kubwa au ndogo kuliko maji yaliyopita katika mmea? Eleza.

2. Buni jaribio la kuonyesha kwamba mafunjo hunasa udongo uliomo katika maji machafu.

3. Magugu maji yalitoka Amerika ya Kusini, yakaenezwa kama pambo la bustani. Kwa nini inafaa kupanda mmea wa asili ya mahali?