SOMO LA RAMANI: JENGO LINA KIMO NA UMRI

Ramani ya kawaida hulionyesha jengo kwa juu, kama alionavyo ndege. Mchoro huo hueleza jengo lilipo. Hauelezi kimo chake, umbo la paa lake, wala mwaka lilipojengwa.

Mfano wa kutosha ni nyumba ya tembe ya Kwihara, karibu na mji wa Tabora, katika njia kuu ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji. Hapo Kwihara ndipo David Livingstone alipobaki hadi tarehe 25 Agosti, 1872, baada ya kuagana na Henry Stanley mwezi wa Machi. Tembe ni nyumba ya udongo yenye paa bapa na ua wa ndani. Ikichorwa mistari ya nje peke yake, ua nao huonekana kuwa umeezekwa. Aidha, nyumba ionekanayo hapo leo ilijengwa upya katika karne ya 20. Mchoraji akiipa mwaka 1872, atakuwa amezipa kuta mpya umri wa kuta zilizokwisha kuanguka.

Kwa hiyo, kumbukumbu ya kila jengo yapasa iwe na mambo haya:

(a) Umbo la msingi, pamoja na ua.

(b) Kimo kwa mita, idadi ya ghorofa na umbo la paa.

(c) Tarehe ya kujengwa na ya kubomoka. Jengo lililojengwa upya hupewa kumbukumbu yake peke yake.

OpenStreetMap, ramani ya umma iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, hupokea maelezo ya kimo, paa na mwaka wa kujengwa. Hata hivyo, huonyesha vilivyopo tu. Vilivyotoweka huwekwa katika ramani nyingine, OpenHistoricalMap.

Hapa Zanzibar, upigaji picha wa Unguja na Pemba kwa ndege zisizo na rubani ulianza mwaka 2016, chini ya Kamisheni ya Ardhi. Picha za aina hiyo zinapopishana huwezesha kukadiria kimo. Umri hauonekani angani. Hutafutwa katika hati na kwa wazee.

Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka. Ukuta ulioanguka haupimiki tena. Vipimo na tarehe huchukuliwa jengo lingali limesimama.