SOMO LA AFYA: Mtoto Anapovunjika Mifupa Mara kwa Mara

Katika toleo hili tunajifunza kuhusu kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukitaja kwa jina, ingawa kila mmoja anacho tangu tumboni mwa mama yake. Kinaitwa kolajeni ya aina ya kwanza. Tumechagua mada hii kwa sababu siku moja kamati yenu inaweza kuletewa shida ya mtoto anayevunjika mifupa kila mara, na majirani wakawa wameshahukumu kabla ya daktari: kwamba mama anampiga, au kwamba ukoo umerogwa.

Kolajeni ni nini?

Kolajeni ni protini inayoshikilia mwili. Zipo aina zaidi ya 20, lakini ya kwanza ndiyo nyingi kuliko zote. Imo katika mifupa, ngozi, kano, meno na weupe wa jicho. Katika mfupa, karibu asilimia 90 ya protini yote ni kolajeni hii.

Mfano mzuri ni nguzo ya zege. Zege peke yake ni gumu, lakini likitikiswa hupasuka. Fundi huweka nondo ndani ili nguzo istahimili. Katika mfupa, madini ya kalsiamu ni zege na kolajeni ni nondo.

Mnaweza kulithibitisha hili jikoni. Chukueni mifupa miwili ya paja la kuku. Mmoja uloweke katika siki kwa siku kadhaa: madini yatayeyuka, na mfupa utapindika kama mpira, kwa sababu kilichobaki ni kolajeni. Wa pili uchomeni kwenye makaa hadi uwe mweupe: kolajeni itaungua, na mfupa utavunjika kwa vidole. Mfupa wenye afya unahitaji vyote viwili.

Kila uzi wa kolajeni ni msokoto wa nyuzi tatu, kama kamba. Kamba hii inaweza kuharibika kwa njia mbili kubwa, na ni muhimu tuzitofautishe, maana tiba zake hazifanani.

Njia ya kwanza: kukosa vitamini C

Mwili hauwezi kukaza msokoto huo bila vitamini C, na binadamu hawezi kujitengenezea vitamini hiyo. Akikaa miezi kati ya mmoja na mitatu bila kuipata, fizi huvimba na kutoka damu, vidonda havifungi, na miguu huuma. Mtoto mdogo anaweza kukataa kabisa kutembea. Huu ndio ugonjwa wa kiseyeye.

Tusidhani ni ugonjwa wa mabaharia wa zamani tu. Mwaka 2017 na 2018 ulizuka kati ya vijana wa kiume kutoka Sudan Kusini waliokuwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya. Walipopewa vitamini C walipata nafuu. Mahindi, mtama na maharage makavu hushibisha, lakini karibu hayana vitamini hii. Pera, chungwa, embe, nyanya na mboga za majani zinayo. Mboga zisichemshwe muda mrefu wala maji yake yasimwagwe.

Njia ya pili: kasoro ya kuzaliwa

Hapa chakula hakina kosa. Maelekezo ya kutengeneza kolajeni yameandikwa katika jeni mbili, na herufi moja tu ikikosewa, kamba yote husokotwa vibaya. Ugonjwa huu huitwa osteojenesisi impafekta, yaani ugonjwa wa kurithi wa mifupa dhaifu. Humpata takriban mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, katika kila taifa na kila rangi.

Dalili zake ni mifupa kuvunjika kwa jambo dogo, weupe wa jicho kuwa na rangi ya bluu au kijivu, meno dhaifu yenye rangi ya kahawia, viungo kulegea, kimo kifupi, na baadaye kusikia kupungua. Si kila mgonjwa huwa na dalili zote. Mara nyingi mzazi mwenye ugonjwa huu ana nafasi ya nusu kwa nusu kumrithisha mtoto katika kila mimba. Lakini pia mtoto anaweza kuzaliwa nao wakati wazazi wote ni wazima.

Supu ya kongoro na unga wa kolajeni unaouzwa madukani haviponyi ugonjwa huu. Kolajeni tunayokula husagwa tumboni kama nyama nyingine, kisha mwili hujenga upya kwa kufuata maelekezo yake uleule yenye kasoro.

Hata hivyo msaada upo. Mwaka 1998 madaktari wa Montreal, Kanada, walitoa taarifa ya watoto 30 waliotibiwa kwa dawa ya pamidroneti kwa njia ya mshipa. Mifupa yao iliongezeka uzito na kuvunjika kukapungua. Dawa za kundi hilo hutumika hadi leo, ingawa haziondoi kasoro yenyewe. Upasuaji wa kuweka vyuma ndani ya mifupa mirefu na mazoezi mepesi pia husaidia.

Kamati na wafadhili tufanye nini?

1. Tusihukumu, wala tusifunike. Mtoto anaweza kuwa anapigwa kweli, na anaweza kuwa mgonjwa. Atakayetofautisha ni daktari kwa kumpima na kumpiga picha, si kikao cha majirani.

2. Tumfikishe hospitali ya rufaa. Nauli, picha za eksirei na malazi ya mama mara nyingi ndivyo vinavyokwamisha familia. Mchango mdogo hapo hufanya kazi kubwa.

3. Tuwafundishe walezi. Mtoto mchanga mwenye ugonjwa huu asinyanyuliwe kwa makwapa, wala asiinuliwe kwa vifundo vya miguu anapobadilishwa nepi. Mkono mmoja ushike makalio, mwingine kichwa na mabega.

4. Asifichwe nyumbani. Akili yake ni nzima. Anahitaji darasa lisilo na ngazi, kiti kinachomfaa na, ikibidi, kiti cha magurudumu.

5. Tunapogawa chakula cha msaada, tuulize: matunda na mboga viko wapi?

Maswali ya kujadili katika jumuiya

- Mfupa wa mtoto ukivunjika hapa kwetu, mzazi hupelekwa kwanza kwa nani?
- Je, katika eneo letu yupo mtoto ambaye hajaanza shule kwa sababu ya mifupa yake?
- Nani kati yetu atamtembelea wiki hii?