USALAMA NA AFYA: Ralanti ya Motokari Yako

Ndugu mtumikaji, na wewe mama wa nyumba unayesoma ukurasa huu, leo tunaongea juu ya ralanti. Ralanti ni mwendo wa motere wakati gari imesimama na mguu wa dereva hauko juu ya akselerateri. Watu wengi wanaiona ni jambo dogo. Lakini motere inayozimika kwenye mteremko inaleta ajali, na motere inayowaka ndani ya gareji iliyofungwa inaweza kuua watu wa nyumba nzima.

Kompyuta inafanya nini?

Zamani, kwenye kabureta, fundi alizungusha visi mpaka motere itulie. Kwa gari za esansi zenye kompyuta, kazi hiyo si ya visi tena. Ukitoa mguu, kipepeo cha hewa kinajifunga karibu kabisa. Hewa kidogo inapita pembeni, kwa vali ndogo inayoendeshwa na umeme. Kompyuta inasoma joto la maji na mizunguko ya motere, halafu inafungua vali kwa kipimo. Motere ikiwa baridi, mizunguko inapanda. Ikipata joto inashuka, kwa gari ndogo nyingi kati ya 650 na 850 kwa dakika. Kwenye gari mpya zaidi, vali ya pembeni haiko: kompyuta inasogeza kipepeo chenyewe.

Jua pia kwamba Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700. Uzito wa hewa hapa ni kama sehemu 4 kwa 5 za ule wa Mombasa, kwenye bahari, ambako gari nyingi zinashushwa kabla ya kupita Kasindi. Kwa hiyo vali inapaswa kufunguka zaidi. Ikiwa imejaa masizi, gari iliyotulia bandarini itatetemeka na kuzimika kwetu.

Dalili ni zipi?

Motere inazimika ukikaribia kusimama au ukiwasha taa: mara nyingi vali ni chafu. Motere inalia juu sana bila mguu: tafuta tiyo iliyopasuka inayoingiza hewa.

Fanya hivi:

1. Simamisha gari nje, mahali pa sawa. Vuta freni ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu.
2. Angalia kwanza chujio la hewa, tiyo na buji. Vumbi la barabara zetu linaziba chujio upesi.
3. Zima motere, ingoje ipoe, toa waya wa batri. Fungua vali, pangusa masizi kwa kitambaa na dawa ya kusafishia kabureta. Usitumie esansi, inashika moto. Usikwangue kwa chuma.
4. Rudisha vyote, washa, acha motere ipate joto bila kukanyaga. Kompyuta inajifunza upya.
5. Usiguse visi ya kipepeo. Ukiizungusha, unaficha ugonjwa na kudanganya kompyuta.

Ikikuzimikia kwenye mteremko

Nguvu ya kusaidia freni inabaki kwa kukanyaga mara chache tu. Usipige-pige pedali: kanyaga kwa nguvu na ushikilie. Shika usukani imara, utakuwa mzito.

Sumu isiyo na harufu

Moshi wa motere una monoksidi ya kaboni. Haionekani, hainuki, na inashikamana na damu mara zaidi ya 200 kupita oksijeni. Wachimbaji wa Uingereza waliingia na ndege wadogo shimoni tangu 1911 mpaka 1986, ili ndege aanguke kwanza na kuwaonya. Nyumbani kwako ndege huyo hayuko.

Kwa hiyo usipime ralanti ndani ya gareji, hata mlango ukiwa wazi nusu. Usipashe gari moto chini ya dirisha la chumba cha watoto. Kwa mashine ya umeme ya esansi ni vilevile: iwe nje, mbali na milango.

Kichwa kikiuma, kizunguzungu na kichefuchefu vikiwashika watu wengi kwa mara moja, usiseme ni malaria tu. Zima motere, toa wote nje kwenye hewa safi, wapeleke hospitali wapate oksijeni. Mama, fundisha watoto dalili hizi leo. Baba anaweza kuwa chini ya kapo, na mtoto ndiye atakayepaza sauti.

Ndugu, motere iliyotulia inakufikisha kazini. Lakini rekebisha nje, ili urudi nyumbani salama.